Kumsoma Mtoto Mwenye Usonji

Katika miji na vijiji vya pwani yetu, malezi ya mtoto hupimwa mlangoni. Mgeni akipiga hodi akakaribishwa, jicho lake la kwanza humwangukia mtoto wa nyumba: je, atakuja, atainamisha kichwa, atatoa shikamoo na kuupokea mkono wa mkubwa wake? Atendaye hivyo husifiwa, na sifa hiyo huenda moja kwa moja kwa mama na baba. Asiyetenda husemwa kuwa hakufunzwa, na lawama nayo hufuata njia ile ile. Kwa sababu hiyo mzazi aliyeruzukiwa mtoto mwenye usonji, mtoto ambaye huenda asimtazame mgeni usoni, asiuguse mkono aliopewa, akaziba masikio kwa viganja na kukimbilia uvunguni mwa kitanda pindi watu wawili wakizungumza kwa pamoja, huhukumiwa kila siku katika baraza ambalo hakuitwa kujitetea. Na aghalabu, ili ajiepushe na fedheha hiyo, humgeukia mtoto kwa ukali, akamvuta mkono na kumlazimisha kutamka neno ambalo kwa saa ile ulimi wake hauwezi kulitoa. Naandika kwa ajili ya mzazi huyo, na kwa ajili ya bibi, babu, shangazi, mjomba na majirani waliomzunguka, kwa kuwa kwetu hakuna mtoto alelewaye na watu wawili tu.

Jambo nitakalolishikilia ni moja: huruma imfaayo mtoto mwenye usonji ni ile inayotafuta sababu. Kumlilia mtoto ni kwepesi, na kumwachia afanye atakalo kwa kuwa maskini ndivyo alivyoumbwa ni kwepesi zaidi; lakini machozi hayamwondolei adha, wala ulegevu haumfunzi kuvaa kanzu yake mwenyewe. Mzazi mwenye huruma ya kufaa ni yule ambaye, kila mwanawe apigapo kelele, ajiumapo mkono, akataapo chakula au atupapo kikombe, hujiuliza kwanza ni kitu gani kilichomfikisha hapo, akalitafuta jibu kwa subira ya mwanachuoni, ndipo aamue kama panahitajika amri, msaada au kimya.

Usonji ni namna ya ubongo ulivyojengeka na kukua. Chanzo chake huwa kimekwisha kuwekwa kabla mtoto hajazaliwa, na hudumu naye umri wake wote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 alikuwa nao, na kwa kadiri hiyo mtaa wenye watu 1,500 ungekuwa nao wapatao 12, japo wengi wao hawajulikani. Dalili huonekana mapema kwa mwenye kuangalia: mtoto wa mwaka mmoja aitwaye jina lake mara kwa mara asigeuke, wa miezi 18 asiyenyoosha kidole kuonyesha ndege au gari ili mama naye alione, yule aliyekwisha kuwa na maneno machache, kisha maneno yale yakatoweka, yule apangaye vifuniko vya chupa mstari mmoja kwa muda mrefu, na mstari ukivurugwa naye akavurugika. Miongoni mwao wamo wasiosema neno hata ukubwani, na wamo wasemao kwa ufasaha. Wamo wahitajio msaada katika kila tendo la mchana na usiku, na wamo wahitimu wa vyuo vikuu. Wasichana huchelewa kutambuliwa, kwa kuwa wengi wao hujifunza kuwaiga wenzao na kuificha taabu yao mpaka ikawachosha. Aonaye dalili hizi asikae akaambiwa kuwa hata mjomba wake alichelewa kusema. Ampeleke mtoto kliniki mapema, na papo hapo aanze kumsaidia nyumbani, kwa maana msaada haungoji jina la hali liandikwe kwenye cheti.

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipoandika mwaka 1943 habari za watoto 11 wenye hali hii aliowachunguza, alisema kuwa wamezaliwa hivyo. Lakini katika maandishi yale yale aligusia ubaridi wa wazazi wao, na kutokana na mguso huo ikazuka dhuluma kubwa. Kwa miaka mingi matabibu wa Marekani na Ulaya waliwaambia kina mama kuwa ni wao waliowaharibu watoto wao kwa kukosa mapenzi, na mwandishi Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha mwaka 1967, aliieneza dhana hiyo kwa halaiki ya wasomaji. Walioipinga kwa nguvu zaidi walikuwa wazazi wenyewe. Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikwisha kutoa hoja katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuwa asili ya jambo hili imo mwilini. Na huko Uingereza tabibu Lorna Wing, mama wa binti mwenye usonji, alishirikiana na wazazi wenziwe kuanzisha chama mwaka 1962, kisha utafiti alioufanya na Judith Gould, uliochapishwa mwaka 1979, ukawaonyesha wataalamu upana wa hali ambayo hapo kwanza waliidhania kuwa nyembamba.

Naisimulia tarikhi hii kwa kuwa lawama ile haikuishia ughaibuni. Watafiti waliowasikiliza wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya, wakachapisha waliyoyasikia mwaka 2015, walikuta sababu za kidaktari zikitajwa pamoja na mashetani, uchawi na laana. Na laana, ikitafutiwa mwenyewe, mara nyingi hukabidhiwa mama. Mama aliyekabidhiwa mzigo huo hana tena nafasi ya kumtazama mwanawe kwa utulivu, kwa sababu kila amtazamapo huona shitaka. Basi na ajue kuwa hakumtia mtoto usonji kwa alichokula, kwa alichokiota, kwa kazi aliyoifanya wala kwa pendo lililopungua. Simkatazi mtu dua. Dua ni haki ya mzazi na faraja ya moyo, na kisomo kisomwacho kwa sauti ya upole hakimdhuru mtoto. Walakini pale tiba inapokuwa kumfunika shuka na kumfukiza moshi, kumchanja, kumnyima chakula au kumfunga kamba ili shetani atoke, mzazi na akatae katakata, hata kama mshauri ni mkwewe.

Kadhalika na aukatae uvumi kuwa chanjo huleta usonji. Ulienezwa na makala ya Andrew Wakefield na wenzake juu ya watoto 12 tu, iliyochapishwa mwaka 1998 katika jarida la Lancet; jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010, na mwaka huo huo Wakefield akaondolewa katika orodha ya matabibu wa Uingereza. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2019, uliowafuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona chanjo ya surua ikiongeza usonji hata kidogo. Ilhali surua yenyewe huua watoto. Na kuna wauzao maji ya kemikali wakidai yanaondoa usonji, nayo yakichanganywa kama waelekezavyo huwa dawa ya kuondolea madoa kwenye nguo, ambayo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu mwaka 2010, na tena 2019, wasiinywe. Yeyote aahidiye kuuondoa usonji kwa chupa anataka fedha ya mtu aliye katika mashaka.

Sasa tuingie katika kazi ya kutafuta sababu, na tuanze na mwili, kwa kuwa ndiko kunakosahauliwa. Mtoto asiyeitika apimwe masikio kabla ya jambo lingine lolote. Mtoto aliyekuwa mtulivu, ghafla akaanza kugonga kichwa ukutani, huenda ana jino bovu, sikio linalouma au choo kigumu kilichokaa siku kadhaa, na ukuta ndio ulimi wake. Kifafa huwapata wenye usonji kwa wingi kuliko watu wengine, wala si kila kifafa huangusha: kile cha kukodoa macho na kupotewa kwa nukta chache huonekana kama ukaidi kwa asiyejua. Usingizi nao huwapa taabu wengi wao, na mtoto aliyekesha hawezi kuwa na uvumilivu asubuhi, kama vile wewe usivyouweza.

Ukisharidhika na mwili, ziangalie hisia. Wengi wa watoto hawa hupokea sauti, mwanga, harufu na mguso kwa nguvu ambayo sisi hatuijui. Kanzu ya Idi iliyotiwa wanga, yenye kitambaa cha chapa kilichoshonwa shingoni, ambayo kwako ni fahari, kwake huenda ni miiba. Honi ya daladala, mashine ya kusaga unga, kipaza sauti cha harusini, taa inayopepesa, harufu ya dagaa wakaangwao, mashine ya kinyozi karibu na sikio, kila kimoja chaweza kumwondolea akili kwa maumivu, na vikikutana vitatu kwa mpigo hakuna ajabu akalipuka. Dawa ya mambo haya mara nyingi ni rahisi kuliko ugomvi wake: kata kile kitambaa cha shingoni, ifue kanzu mara kadhaa kabla ya sikukuu mpaka ilainike, au mvalishe ya zamani aipendayo na uwaache wasemao waseme, mfikishe harusini mapema kabla ngoma hazijapamba moto, na mwondoke angali ana furaha, mtafutie vizibo au vifuniko vya masikio. Kunyoa nako kufunzwe kwa hatua: leo aishike mashine ikiwa imezimwa, siku nyingine aisikie ikilia mbali, kisha imguse kiganjani, na kichwa kije mwisho. Wapo kinyume chake wazitafutao hisia, waruka-ruka, wazunguka, wapenda kubanwa; hao wape bembea, wape ndoo ndogo ya maji waibebe, wakumbatie kwa nguvu wakitaka wao. Ama kupunga viganja na kujiyumbisha, ambako huwaudhi sana wakwe na majirani, kuacheni. Hakumdhuru mtu, na mtoto hukutumia kujituliza.

Chakula hustahili neno lake. Yuko mtoto alaye wali mweupe tu, na mchuzi ukiugusa wali ule sahani nzima huwa haifai. Kumshika taya na kumtilia kwa nguvu humfunza jambo moja tu, nalo ni kuiogopa sahani. Mwekee akipendacho, na kando yake, katika kisahani kingine, weka kipya bila kusema lolote. Akikinusa leo, hiyo ni hatua, na huenda kesho kutwa akakigusa. Ikiwa anapungua uzito, au anakula udongo, rangi ya ukuta na vitu visivyoliwa, mpeleke kwa daktari usichelewe.

Ili sababu zipatikane, mzazi awe na daftari. Kwa majuma mawili aandike, kila panapotokea tatizo, saa ilikuwa ngapi, ni jambo gani lililotangulia, mtoto alifanya nini, na watu walifanya nini baadaye. Daftari huona yale ambayo mtu aliyechoka hayaoni: kwamba vilio vyote vya Jumanne vilikuja baada ya soko, kwamba kumuuma dada yake hutokea kabla ya chakula cha mchana, kwamba akitupa kikombe hupewa simu acheze, na kwa hiyo amejifunza kutupa kikombe. Nahodha haukemei mwamba uliomo katika njia ya bandari. Huujifunza ulipo, akajua ni saa gani maji huufunika na ni saa gani huuacha wazi, akapitisha chombo chake. Mzazi aliyejaza daftari hujua ya kuepuka, ya kubadili na ya kufundisha, na ile hofu ya kuwa mtoto hatabiriki humtoka.

Hata hivyo zitakuwapo siku ambazo yote yamefanywa na mlipuko ukaja. Hapo mzazi na atofautishe. Mtoto aliaye kwa kutaka peremende hutazama kama unamtazama, na akiipata hunyamaza. Mtoto aliyezidiwa na hisia hana shauri na mtu, na hata umpe peremende zote za dukani hatanyamaza mpaka mwili wake utulie. Huyu wa pili haonyeki kwa saa ile, kwa kuwa masikio yake hayapokei maana. Punguza maneno yako mpaka yabaki mawili matatu, shusha sauti, ondoa watu, zima redio, sogeza vitu vikali, kaa karibu naye bila kumshika isipokuwa akitaka au akiwa hatarini, na ungoje. Watazamaji wakikukusanyikia stendi ya basi, waambie kwa adabu kuwa mtoto huyu ana usonji, sauti zimemzidi, nanyi mnaomba nafasi. Wengi watasogea, maana wengi wetu hukosa ujuzi zaidi ya kukosa wema. Mafunzo yaje baadaye, mtoto akiwa ametulia na ameshiba, na yawe mafupi.

Katika mazungumzo, jambo la kwanza ni kungoja. Tukimuuliza mtoto swali asijibu, hulirudia kwa maneno mengine, kisha tena kwa mengine, na kila mara yeye huanza upya kulifahamu, hata mwisho tukasema hasikii. Sema mara moja, kwa maneno machache yenye maana wazi, kisha hesabu kumi moyoni. Usimwambie asikimbie, mwambie atembee. Mwambie kwanza nawa, halafu kula, ukimwonyesha bakuli na sahani. Ikiwa hasemi, mpe njia nyingine ya kusema: picha za vitu vya nyumbani zilizobandikwa kwenye vipande vya boksi, ili atakaye maji alete picha ya maji; ishara za mikono; au simu yenye programu ya picha na sauti. Wazazi wengi huogopa kuwa picha na ishara zitamtia uvivu wa kusema, na hofu hiyo haina msingi. Uzoefu na tafiti zimeonyesha kuwa haziuzuii usemi, na mara nyingine huusaidia, kwa sababu mtoto aliyeonja faida ya kueleweka hutamani kueleweka zaidi. Na kila siku, hata kwa robo saa, keti naye chini, ufanye akifanyacho yeye. Akipanga vifuniko, nawe panga vyako. Akigonga kijiko, nawe gonga. Usimsahihishe wala usimuulize maswali. Watoto wengi humtazama mtu usoni kwa furaha pale tu wanapomkuta ameingia katika mchezo wao.

Nina dukuduku kubwa juu ya lugha. Katika nyumba za Nairobi na Dar es Salaam, na zaidi kwa ndugu zetu waishio Muscat, London na Toronto, wazazi hushauriwa kumwondolea mtoto mwenye usonji Kiswahili ili asichanganyikiwe, wakamsemesha Kiingereza ambacho pengine hawakimudu vyema. Tafiti zilizolichunguza jambo hili hazikuona kuwa lugha mbili huongeza taabu ya watoto hawa. Bali kuondoa lugha ya nyumbani humtenga na bibi yake, na nyimbo, na utani, na mazungumzo yote ya mezani ambamo mtoto huokota maneno bila kufundishwa. Msemeshe mwanao lugha ambayo moyo wako hutoka nayo bila kutafuta neno.

Utaratibu wa siku humpa mtoto huyu amani, kwa kuwa dunia isiyotabirika ndiyo imchoshayo. Bandika ukutani picha za siku yake tangu kuamka hadi kulala, na kila jambo likiisha aiondoe picha yake. Mabadiliko yajapo, mwarifu kabla. Ramadhani mathalani hugeuza nyumba nzima: jiko huwa baridi mchana, watu hula usiku, wageni huja futari, baba hulala saa asizolala, na mtoto ambaye hakuarifiwa huona kuwa nyumba imeharibika. Wiki moja kabla, mwonyeshe picha za mambo yatakayobadilika na yale yatakayobaki, na chakula chake pamoja na saa yake ya kulala visiguswe. Katika msikiti au kanisa, mpeleke kwanza saa isiyo na watu, alizoee zulia au benchi, mwangwi na njia ya kutokea. Safari ya pili iwe fupi, na ya Ijumaa au Jumapili ije akisha kuwa mwenyeji. Ama maamkizi, ambayo huwatia wazazi aibu kubwa, yafundishwe kwa namna awezayo: apunge mkono, aguse kifua chake, au ampelekee mgeni gilasi ya maji aiweke mezani. Mgeni naye aambiwe mapema, kabla hajakaa, kuwa hivi ndivyo mtoto huyu anavyomkaribisha mtu.

Kuna hatari moja ambayo yanipasa niitaje bila kuzungusha maneno, kwa kuwa huua: maji. Watoto wengi wenye usonji hutoroka nyumbani kimya kimya, na wengi wao huvutwa na maji, na vifo vingi vya watoto hao watorokapo huwa vya kuzama. Wakaao karibu na bahari, mto, bwawa, kisima au hata shimo la machimbo lililojaa mvua, na waweke komeo juu ya mlango asipofika, wafunike kisima, wamfunze mtoto kuogelea mapema iwezekanavyo, na waandike namba ya simu ya mzazi katika bangili au ndani ya nguo yake. Majirani, wavuvi na mwenye duka la pembeni waonyeshwe picha yake na jina aitikialo. Akipotea, watu wakimbilie kwanza majini, kisha kwingineko.

Juu ya fimbo nitasema machache. Mtoto apigwaye kwa kosa asilolielewa hujifunza kuwa watu huumiza bila sababu, na mtoto ambaye tayari huona nyuso za watu kuwa ngumu kusomeka hana haja ya sababu mpya ya kuziepuka. Adabu ya kweli kwake hutokana na mipaka michache isiyobadilika, isemwayo kwa maneno yale yale na wakubwa wote wa nyumba: hatuumi watu, hatutoki bila mkubwa. Baba akikataza na bibi akiruhusu, mtoto hakaidi; amechanganyikiwa na wakubwa. Na akifanya jema, lisifiwe papo hapo na kwa jina lake, kwamba umemwona akiketi, akingoja, akimpa mdogo wake nafasi.

Mama wa mtoto huyu huchoka uchovu ambao usingizi wa usiku mmoja hauutoi. Baba wengi hukimbia, wengine kwa miguu na wengine kwa kubaki kazini hadi usiku, wakisema kuwa mambo ya watoto ni ya mama yao. Nami naona kuwa huo ni usaliti, ingawa mara nyingi huzaliwa na huzuni isiyopata pa kutulia. Baba na achukue zamu iliyo yake, yenye siku na saa, si msaada wa hiari: kumwogesha kila jioni, au kumtembeza kila Jumamosi asubuhi ili mama alale. Shangazi atakaye kusaidia asipeleke nasaha. Apeleke saa mbili za kukaa na mtoto. Na wale ndugu wa mtoto wasisahauliwe. Waelezwe ukweli kwa maneno ya umri wao, wapewe wakati wao peke yao na mzazi, waruhusiwe kukasirika kitabu chao kikichanwa, na wasigeuzwe walezi kabla ya umri.

Mzazi asimfiche mtoto na shule. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, na mkataba huo humpa mtoto wako haki ya kusoma pamoja na wengine na kupewa msaada anaouhitaji. Nchini Kenya kuna vituo vya tathmini ya elimu maalumu katika kaunti, na taasisi ya elimu maalumu iliyoanzishwa mwaka 1986, iliyoko Kasarani; Tanzania walimu wa elimu maalumu hufunzwa Patandi, mkoani Arusha, na zipo shule za msingi za serikali zenye vitengo vya watoto hawa. Vituo havitoshi, na mwenye kijiji cha mbali anajua hivyo kuliko mimi. Kwa hiyo uendapo kumwona mwalimu mkuu usiende na malalamiko peke yake. Nenda na karatasi moja iliyotoka katika lile daftari, ikieleza mtoto anaweza nini, hukasirishwa na nini, hutulizwa na nini, na ni dawati gani limfaalo, mbali na dirisha na mbali na kengele. Mwalimu mwenye watoto sabini darasani hawezi kuubuni msaada huo. Akiandikiwa, mara nyingi huufuata.

Mtoto atakua, na balehe haitamngoja. Afundishwe mapema, kwa picha na maneno ya wazi, majina ya viungo vyake, mlango wa kufungwa aogapo, hedhi na sodo, na haki yake ya kukataa kuguswa; kwa maana mtoto tuliyemzoesha kutii kila mkubwa na kuvumilia kila mkono ndiye ambaye mwovu humtafuta, hasa asipoweza kusema. Afundishwe kazi ambayo anaipenda na ina soko, kadiri ya uwezo wake, na fedha yake ya kwanza aishike mwenyewe.

Na liko swali ambalo wazazi hawa huulizana usiku kwa sauti ya chini, la nani atamtunza watakapokuwa wamefariki. Silijibu kwa maneno matamu, ila naweza kuwashauri wasimwachie jibu mtu asiyejua. Andikeni waraka wa mtoto wenu: chakula alacho na kile kinachomtapisha, dawa zake na vipimo vyake, wimbo unaomlaza, neno lake la maji na neno lake la maumivu, mahali aogopapo, mtu amwaminiye, jina la daktari wake, cheti chake cha kuzaliwa na kadi zake zilipo, na mali mliyomwekea pamoja na jina la atakayeisimamia. Waiteni walioteuliwa waje wakae naye siku nzima mngali hai, wajifunze kwa macho yao, wamzoee naye awazoee. Nakala moja ibaki kwa mtu wa pili nje ya nyumba, na kila mwaka, mwezi aliozaliwa, waraka ufunguliwe na kusahihishwa, kwa kuwa mtoto wa miaka kumi si yule wa miaka mitano, na wimbo uliomlaza mwaka jana huenda hautaki tena.